Kipimo cha Ng'ambo ya Barabara

Pale Ifakara hakuna mtu anayenunua spika bila kuvuka barabara. Muuzaji anaweza kukueleza habari za wati, akakuwashia taa za rangi saba, akakuapia kwa mama yake mzazi. Wewe unamwachia maneno yake, unavuka, unasimama ng'ambo kwenye vumbi la bodaboda na bajaji, unafunga mikono kifuani na kumwambia apige. Sauti ikikufikia, unarudi mkazungumze bei. Isipokufikia, unaendelea na safari zako. Ndivyo wanavyonunua watu wa harusi, wenye vibanda vya kunyolea, na hata kamati za kwaya. Kwa mwenye kibanda cha kunyolea si kipimo kibaya. Kwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa anayetaka kujifunza gitaa kilikuwa kipimo cha kijinga, na Fridolin aliyekitumia analijua hilo leo, baada ya mambo kuharibika.

Tuanze na masikio yake, maana ndiyo yaliyomponza. Fridolin amesimamia mashine ya kukoboa mpunga upande wa Kibaoni kwa miaka ishirini na mbili. Ndani ya banda lile maneno hayasikiki, watu wanaongea kwa mikono. Kiganja kikishushwa maana yake punguza, vidole viwili vikizungushwa hewani maana yake ongeza, ngumi juu maana yake zima. Ipo pia ishara ya kumtukana mwenzako, tuiache. Mashine yenyewe Fridolin alikuwa akiipima kwa kiganja. Alikiweka ubavuni mwake, akatulia kidogo, kisha akasema beringi ya nyuma imebakiza wiki mbili, na kweli wiki mbili zikifika beringi inakufa. Wenye mpunga walimheshimu kwa hilo.

Kilichomtoka kwanza ni ndege wa alfajiri. Baadaye ukafuata mlio wa simu, kisha mahubiri ya padri, ingawa hapo alijifariji kwamba hajapoteza kikubwa. Akajifunza kuzuga. Wenzake wakicheka naye anacheka, anatazama midomo ya watu, anachagua kiti chenye ukuta nyuma ili anayemwita atokee mbele. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Ujanani alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya vijana, na sifa yake haikuwa vidole, ilikuwa masikio. Watu walitoka vigango vya mbali kumletea magitaa yao awapangie nyuzi kwa kusikiliza tu, bila chombo chochote. Mtu wa namna hiyo aanzie wapi kusema hasikii?

Mkewe ni Emerensiana, mzaliwa wa Sanje, mwimbaji wa sauti ya pili. Sauti ya pili inamfaa. Ipo, inaushikilia wimbo usianguke, na hakuna mtu kanisani anayegeuka kuitafuta. Ni mwanamke wa aibu zake. Hata akiombwa kusali kwenye jumuiya huanza kwa kukohoa mara tatu. Basi binti yao Digna alipopata kazi Morogoro na nyumba ikabaki na watu wawili, Emerensiana aliliteremsha gitaa la umeme la mumewe lililokuwa linaning'inia ukutani miaka nenda miaka rudi, akalifuta vumbi, akaanza kulichokonoa jikoni bila umeme wowote, sikio ameliinamishia kwenye mbao.

Fridolin alifurahi, tusimnyime haki yake. Alimwonyesha mishiko mitatu ya kuanzia, akamkalisha vidole vizuri, akamcheka kidogo vilipomuuma ncha. Lakini gitaa la umeme bila amplifaya halina sauti ya maana, linasikika kama mbu nje ya chandarua. Mwezi wa saba, mavuno yalipokwisha na mpunga kuuzwa, Emerensiana akaleta ombi lake. Alilileta wakati wa chakula, akiwa amekaa na mumewe uso kwa uso.

"Baba Digna, nataka kaamplifaya kadogo tu. Ka kujifunzia. Nikikosea nijisikie mwenyewe, mpaka nitakapouweza wimbo mmoja mzima. Huo nitakupigia wewe wa kwanza."

"Wimbo gani?"

"Utausikia."

Jumamosi wakaenda dukani kwa Justin, karibu na soko. Justin ni kijana mstaarabu, anauza redio na spika na nyaya, na jioni anapiga gitaa kwenye kanisa lao la walokole. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, akauliza nani anayejifunza. Emerensiana akakohoa mara tatu, akasema ni yeye. Justin hakucheka. Alipanda kwenye ngazi, akashusha kisanduku cheusi kinachoweza kukaa juu ya kigoda, akakiweka mbele yake.

Alieleza vizuri, Fridolin akimtazama mdomo. Alisema anayeanza asihangaike na ukubwa, wati kumi ndani ya chumba zinatosha na kubaki. Atafute sauti safi isiyo na mikwaruzo, ili akikosea ajue amekosea yeye na si chombo. Kisanduku kile kinatumia umeme na kinatumia betri, na umeme wa Ifakara wote mnaujua. Tena kina tundu la hedifoni. Ukichomeka, sauti inakuingia wewe peke yako masikioni na jirani hajui kama upo. Bei yake ilikuwa ndani ya kile walichotenga. Emerensiana alikuwa tayari amekipakata.

Mambo yangeishia hapo. Lakini pembeni ya mlango lilisimama jingine, kubwa, linalomfikia mtu kiunoni, kitambaa chake cha mbele kimechanika. Justin alisema limetoka kwa bendi moja ya Mahenge iliyovunjika, na kwa kuwa ni zito na hakuna aliyetaka kulibeba, angeliachia kwa bei ile ile ya dogo. Fridolin akasikia hilo, au tuseme akaliona mdomoni. Akasema yote mawili yapigwe, akavuka barabara.

Alisimama karibu na kijiwe cha bodaboda, mikono kifuani, mguu mmoja mbele, kama mnunuzi anayejua anachofanya. Justin akapiga lile dogo. Fridolin aliuona mkono wake ukipanda na kushuka kwenye nyuzi, akasubiri. Hakikumfikia kitu. Kulikuwa na mngurumo wa bajaji, na ule mvumo wake wa siku zote ndani ya kichwa. Akainua vidole viwili, akavizungusha. Justin akaelewa, akaongeza hadi mwisho. Bado hakikumfikia kitu. Na hapa lazima tuseme ukweli: kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko wa kumeza mate, Fridolin alijua. Alijua tatizo si kisanduku. Kisha akalisukuma hilo mbali, akarudi akicheka.

"Hiyo si amplifaya, hilo ni kopo," alimwambia Justin, kwa sauti kubwa ili vijana wa bodaboda nao wafaidi.

Justin akachomoa waya. Akachomeka lile kubwa. Fridolin akavuka tena, na safari hii gitaa likamjia kifuani moja kwa moja, nyuzi za chini kwanza, halafu na zile za kati, nono, zenye uhai. Hakuwa amesikia gitaa kwa miaka. Alidhani ameacha kupiga kwa sababu ya kazi nyingi. Machozi yalimlenga pale pale barabarani, akajifanya vumbi limemwingia jichoni, na furaha ile yote akaihesabu kuwa ni ubora wa chombo.

Aliporudi, Emerensiana bado amekipakata kile kidogo.

"Mimi sitaki kusikika barabarani," alisema. "Nataka kujisikia."

"Mambo ya gitaa niachie mimi. Wewe unajua nini?"

Alilisema mbele ya Justin, mbele ya bodaboda wawili waliokuwa wamesogea kushangaa, na mbele ya mama muuza ndizi. Emerensiana alimtazama mumewe kitambo kirefu. Fridolin alitegemea kuona hasira, lakini ile haikuwa hasira, na kwa kuwa hakujua ni nini, aliamua kutokuijali. Kisha mkewe akakirudisha kisanduku juu ya meza, taratibu.

"Haya," akasema. "Chukua unalolisikia."

Lilisafirishwa kwa bajaji, wao wawili wakafuata kwa miguu.

Mchana wa kwanza Emerensiana alijaribu. Alisubiri mumewe amuunganishie nyaya, akakaa kwenye stuli, akashika mshiko wake wa kwanza na kupitisha kidole. Sauti ilitoka kama lori limemwaga kokoto. Kuku walikimbia. Watoto wa jirani wakaja uzioni, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kapu lake alisimama kusikiliza. Fridolin alikuwa amekaa mlangoni, amejawa na fahari, akimwonyesha mkewe kwa vidole viwili aongeze. Emerensiana akakosea, akarudia, akakosea pale pale. Watoto wakaanza kuiga lile kosa kwa midomo.

Jumapili baada ya misa wenzake wa kwaya walimtania, na tuseme kweli hawakuwa na nia mbaya. Mmoja alisema walimsikia hadi ng'ambo ya mto Lumemo. Mwingine akamuuliza kama ule mshiko wa pili umekubali au bado unamgomea. Emerensiana akacheka pamoja nao, na Fridolin akacheka pia, ingawa hakuwa ameshika hata nusu ya maneno. Wiki iliyofuata mkewe alipunguza sauti mpaka chini kabisa. Sasa, chombo kama kile, kilichotengenezwa kwa ajili ya ukumbi, ukikipunguza hivyo hakipigi, kinavuma tu kama friji bovu na gitaa linapotelea humo humo. Alijaribu mara tatu, mara nne. Baadaye Fridolin aliona kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna jagi la maji na bilauri mbili.

Hakuuliza. Mwanamume mwenye akili angeuliza. Yeye aliliondoa jagi Jumapili moja, akachomeka gitaa, akaanza kupiga vibao vyake vya zamani. Na kwa kuwa chombo kilikuwa kikubwa, alijisikia. Vijana waliopita walisimama wakampungia mkono. Ikawa ndiyo desturi yake ya kila Jumapili mchana, na Emerensiana akaleta kiti akakaa karibu, akimenya vitunguu, akitikisa kichwa kufuata mapigo. Alipokuwa yeye kazini mkewe alifanya nini na gitaa hilo, hakujua, wala hakufikiria kujua. Zikapita masika mbili namna hiyo.

Mwaka huu kwaya ilitimiza miaka arobaini, na Raimundi, mwalimu wa kwaya, akaja nyumbani kumwomba Fridolin apige kwenye jubilei, maana mpiga gitaa wao alikuwa amehamia Dar es Salaam. Fridolin hakungoja abembelezwe. Alipanga nyuzi mwenyewe, kama zamani, kwa kusikiliza.

Kilichotokea siku ile anakikumbuka kwa macho tu. Kanisa limejaa, watu wa Sanje wamekuja na basi lao, padri amekaa, na yeye amesimama kando ya lile sanduku kubwa akiingia kwenye wimbo wa matoleo. Alipiga kwa moyo wote. Akaona uso wa Raimundi umekunjamana. Akaona Raimundi anamtazama na kuzungusha vidole viwili hewani. Mtu mwingine yeyote angeelewa kwamba anaambiwa azungushe kitasa cha uzi, kwamba uzi umelegea na gitaa zima limepotoka. Mtu wa mashine ya kukoboa alielewa alivyozoea kuelewa kwa miaka ishirini na mbili. Akainama, akaongeza sauti.

Raimundi akazungusha tena, kwa nguvu zaidi. Fridolin akaongeza tena. Mabenchi ya watoto yalikuwa yameanguka kwa kicheko, watu wazima wakatazama sakafu, na yeye akapiga mpaka ubeti wa mwisho, akidhani wanafurahi. Kitu kimoja tu kilimshtua. Alimwona Emerensiana, kwenye mstari wake wa sauti ya pili, amefungua mdomo kuliko alivyowahi kuufungua maishani, mishipa ya shingo imemsimama, na watu wakageuka kumtazama. Aliimba hivyo hadi mwisho, akilifunika gitaa la mumewe kwa sauti yake.

Njiani kurudi mkewe alimwambia ni unyevu, nyuzi hazipendi unyevu. Fridolin akakubali haraka. Jumatatu Raimundi alimfuata kwenye banda, akamvuta nje, akamwambia kwa heshima zote kwamba gitaa lilitoka nje ya sauti tangu mwanzo. Fridolin akabisha, akabisha sana, na wakati anabisha aligundua kwamba analitazama lile koo la Raimundi linavyopanda na kushuka, na hapati neno hata moja isipokuwa anapomtazama mdomo.

Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kutafuta mkanda wa mashine, akaenda hospitali. Mpimaji wa masikio alikuwa binti mpole aitwaye Yunis. Alimvalisha hedifoni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Fridolin akakaa, akasubiri mlio. Alipoona kidole cha Yunis kinabonyeza kitufe, akainua mkono. Kidole kikabonyeza tena, akainua tena. Yunis akatabasamu, akaigeuza mashine asione vidole vyake. Baada ya hapo mkono wa Fridolin ulibaki mapajani muda mrefu.

Alielezwa kwa kuandikiwa kwenye karatasi, maana alikuwa amechoka kutazama midomo. Sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi, nene nazo zinafuata. Kifaa cha kuvaa sikioni kinaweza kumsaidia kwenye mazungumzo, jina lake litaandikwa kwenye orodha ya wanaovisubiri, lakini kuhusu muziki hawezi kumwahidi kitu. Fridolin aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo Yunis hakulitegemea: je, miaka miwili iliyopita, ndani ya chumba kimya, gitaa dogo likipigwa karibu yake, angelisikia? Yunis akautazama mchoro wa kipimo chake. Akaandika: *Siwezi kuapa, baba. Ila kwa karibu, naona ungesikia.*

Alitoka pale na ile karatasi mfukoni, akasimama nje ya geti bila kujua aelekee wapi. Hakukuwa na wa kumlaumu. Mashine ilimla masikio, sawa, lakini mashine haikuvuka barabara siku ile. Wala haikumwambia mtu mbele za watu, wewe unajua nini. Aliona aibu kiasi kwamba alipita njia ya nyuma ya soko asikutane na mtu wa kumsalimia.

Ijumaa akalipakia lile sanduku kubwa kwenye bajaji, akalirudisha kwa Justin. Kijana akakubali kulichukua na kumpa dogo, lile lile au ndugu yake, pamoja na hedifoni, bila kuongeza kitu. Fridolin akamwomba samahani kwa ile siku ya kopo. Justin alitaka kuipita habari hiyo, lakini mzee alimshikilia. Ndipo Justin akasogea karibu, akasema polepole akitamka vizuri.

"Mimi nilidhani unatania, mzee wangu. Boda wote pale walikuwa wanaisikia. Kuna mmoja alinipigia makofi."

Fridolin akaitikia kwa kichwa. Akakibeba kisanduku mwenyewe, mkononi, hadi nyumbani.

Emerensiana alikuwa uani anapeta mchele. Alikiona kisanduku, akauweka ungo chini, akanawa mikono na kuikausha kwenye khanga yake, taratibu kama anayejiandaa kupokea komunyo. Hakuuliza lile kubwa liko wapi. Waliingia sebuleni. Fridolin akaweka kisanduku juu ya kigoda, akachomeka waya, akamwomba ampigie chochote anachokikumbuka. Alitegemea mishiko mitatu yenye kutu. Akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, na bila kufikiri akaweka kiganja juu ya kisanduku, kama alivyozoea kuiwekea mashine.

Mkewe akaanza. Ile haikuwa mishiko mitatu. Mkono wake wa kushoto ulipanda shingo ya gitaa bila kusita, kidole kidogo kikanyoosha mpaka pale pagumu, ukashuka, ukapanda tena. Fridolin alivitambua vidole vile kabla hajajua anatambua nini. Ule ulikuwa mwanzo wa wimbo wa matoleo aliokuwa akiupiga yeye, kijana wa miaka ishirini na tatu, kwaya ya vijana ilipokwenda Sanje na msichana mmoja mwenye aibu akasimama nyuma kabisa kwenye sauti ya pili. Mwanzo huo aliutunga mwenyewe, hakuwahi kumfundisha mtu. Miaka miwili mkewe ameutafuta jikoni, yeye akiwa kwenye mashine, bila amplifaya, sikio kwenye mbao, akiuokota uzi kwa uzi kutoka kwenye kumbukumbu.

Chini ya kiganja kisanduku kilitetemeka kidogo, kama kifua cha kifaranga. Hicho ndicho alichopata. Alijitahidi kuujaza wimbo kwa kukumbuka, akiona kidole kinatua anaiwekea sauti yake kichwani, lakini sauti alizoweka zilikuwa za kwake mwenyewe, za zamani. Yeye Emerensiana alivyoupiga, kama aliuharakisha, kama aliuongezea kitu pale katikati ambapo alifumba macho, hilo hakulijua wala hatalijua.

Akamaliza. Akamtazama, uso umemchangamka kama wa msichana.

"Umesikia?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kuutaja wimbo kwa jina lake, hadi ubeti, na hakuna ambaye angemkamata. Miaka kumi ya kuzuga ilikuwa imemwandaa kwa jibu hilo.

"Sikusikia, Mama Digna. Nimeona vidole tu. Sisikii. Masikio yamekwisha."

"Najua."

Alidhani amemsoma vibaya mdomo, akamwomba arudie. Akarudia.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile dukani. Justin alipiga, boda wote wakageuza shingo, mpaka mama wa ndizi. Wewe umesimama katikati yao unasema ongeza."

Fridolin akaikumbuka ile namna alivyotazamwa, na ile *haya* yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umesimama mbele za watu, Baba Digna. Nikaona bora nipoteze gitaa."

Alimwomba msamaha. Alimwomba kwa sauti kubwa mno, maana hakuwa na kipimo tena cha sauti yake, na Emerensiana akaweka kidole mdomoni, akaonyesha dirishani: kwa jirani kulikuwa na mtoto mchanga amelala. Fridolin akasema tena, chini zaidi, hakujua kama imetoka. Akasema Jumatatu atakwenda kulidai lile kubwa, pengine kwa lile atausikia, hata akisimama uani. Emerensiana akatikisa kichwa. Alisema polepole, mdomo wake ukionekana vizuri, kwamba wimbo ule hakujifunza kwa ajili ya mtaa.

Akamfuta mumewe uso kwa ncha ya khanga. Kisha akainama, akaitoa hedifoni kwenye mfuko wake wa nailoni, akaivaa, akachomeka waya kwenye tundu. Akaanza wimbo upya, tangu mwanzo, macho ameyafumba, midomo ikifuatisha. Fridolin akabaki na kiganja chake juu ya kisanduku, ambacho sasa kilikuwa kimetulia kabisa, akivitazama vidole.